Pesa za mchango wa paka zinaenda wapi, jibu kutoka Lamu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa majuzi akauliza sisi tunaochangisha pesa za paka huku Lamu hizo pesa tunazipeleka wapi, na iweje mtu achangie paka na kuna watoto wamerudishwa nyumbani kwa karo. Ile barua nimeisoma mara tatu. Sikukasirika manake anayeombwa pesa ana haki ya kuuliza, na mimi ndo mmoja wa wanaoomba. Nafanya kazi kwa kliniki ndogo ya paka hapa Langoni, si daktari mimi, ni msaidizi tu, nashika paka wakidungwa sindano, nafua mataulo, naandika daftari, na usiku nikishawalaza wanangu natuma mesej za mchango kwa magrupu ya wasap. Kwa hivo hili swali naona ni langu.

Tunafungua saa mbili lakini saa moja na nusu utakuta watu washakaa barazani. Wengi ni watoto na kina mama watu wazima. Yale makeji ya plastiki ya kubebea paka hapa hakuna aliye nayo, paka anakuja kwa kikapu cha ukili kimefungwa leso juu, anakuja kwa katoni ya mafuta ya kupikia, kwa gunia limetobolewa matundu, na juzi kijana mmoja wa motaboti alimleta wake ndani ya ndoo na kipande cha wavu juu. Cha kwanza ni uzito, kwa sababu dawa ya paka inahesabiwa kwa kilo na kwa mnyama mdogo vile ukizidisha kidogo tu ushamuua. Mizani yetu ni ile ya kuning'iniza ya wauza samaki, tunatundika kikapu na paka wake ndani, tunasubiri atulie mshale uache kucheza, naandika, alafu anatolewa tunapima kikapu kitupu tunaondoa. Paka wetu wa mitaani ni wembamba, kilo mbili na nusu, kilo tatu akiwa wa jirani na soko la samaki.

Alafu ndo zinakuja shida zenyewe. Mafua, kitoto macho yamegandana usaha hata hayaoni. Dume lililopigana usiku lina jipu mgongoni. Minyoo. Paka aliyechomwa na maji ya moto jikoni. Na kuna wanaoniumiza roho zaidi manake hao wameuliwa na huruma. Bibi mmoja alimuona paka wake ana homa akampa nusu tembe ya parasetamoli vile anavompa mjukuu wake. Ini la paka haliwezi kuivunja hiyo dawa kama letu sisi, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo na uso unavimba, tembe moja ya miligramu 500 inatosha kumuua paka mzima na hata nusu ni hatari hivohivo. Alipofikishwa kwetu anahema mdomo wazi. Daktari alijaribu alilokuwa nalo lakini alikufa kabla adhuhuri haijaadhiniwa, na yule bibi akabaki amekipakata kikapu ananiuliza, mwanangu, si ni dawa lakini? Jioni ile tulibandika karatasi mlangoni, USIMPE PAKA DAWA YA MTU, na nimeiandika hapa pia kwa sababu gazeti linafika mbali kuliko mlango wetu.

Mwengine ni mzee mmoja mvuvi, alikuja na dume lake akisema limefunga choo siku ya pili, linaenda mchangani linachutama linalia hakuna kinachotoka. Haikuwa choo. Ilikuwa mkojo umeziba, madume yanapatwa sana na hili kwa sababu njia yao ni nyembamba, na paka asiyekojoa anakufa ndani ya siku mbili tatu kwa sumu ya mwili wake mwenyewe. Ukimshika tumbo unasikia kibofu kigumu kama ndimu. Dawa yake ni kulazwa kwa dawa ya usingizi na kupitishwa mpira wa mkojo, ule mwembamba wa paka, si wa mtu, na huo hapa Lamu hauuzwi, unaagizwa Nairobi, na siku ile kwa droo ulikuwa umebaki mmoja. Yule mzee alikaa barazani kuanzia asubuhi mpaka alasiri na tasbihi mkononi, hakwenda hata kula. Mkojo ulipotoka mara ya kwanza ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi, mimi ndo niliyeshika kibakuli, na nilitoka nje nikamwambia, mzee, amekojoa, akainamisha kichwa akasema alhamdulillahi mara tatu. Pesa hakuwa nazo, alitoa shilingi mia mbili akasema nyingine atazileta. Mpaka leo kila Alhamisi anatuletea vichwa vya samaki vya wagonjwa waliolazwa, na kwa daftari langu nimemwandika kama mchangiaji, tena wa kudumu.

Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka jana tulipata paka wa rangi ya chungwa amemeza ndoana. Uzi wa kuvulia ulikuwa unaning'inia mdomoni kama shubiri moja hivi na kila akimeza mate anajikunja. (Msomaji ukimkuta paka hivi usiuvute huo uzi hata kidogo, unaenda kumchana ndani, mlete vilevile na uzi wake.) Nilimpiga picha nikaituma. Wallahi haikufika isha simu ilikuwa hainyamazi, M-Pesa juu ya M-Pesa, mtu yuko Mombasa, mtu yuko Muscat, mtu aliyewahi kuja Shela kama mgeni miaka mingi nyuma, kufikia asubuhi tulikuwa na pesa za kumtibu yule paka mara kadhaa. Akafanyiwa operesheni, ndoana ilikuwa imenasa kwenye koo, akapona, saa hii ni mnene analala juu ya mafriji ya duka moja la soda.

Wiki mbili baadae tukatuma mchango mwengine. Huu ulikuwa wa kufunga kizazi paka jike wa mtaa mmoja mzima kabla ya mvua, na picha yake ilikuwa meza tupu, uzi wa kushonea, glavu na chupa za dawa ya usingizi. Watu walituma dole gumba na mioyo. Pesa karibu hazikuja kabisa.

Hapo ndo nataka msomaji wangu anisikilize vizuri kwa sababu hili ndo jibu langu lote. Pesa inayoponya paka wengi ni ile isiyokuwa na picha ya kuliza mtu. Yule wa ndoana tulimwokoa mmoja, na kila siku ninamshukuru aliyetuma. Lakini jike moja, sikiza hesabu yake, anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne mitano, yaani yeye mwenyewe bado ni mtoto, anabeba siku 63 mpaka 65 hivi, anazaa watatu wanne watano, na hata hajawaachisha ziwa anaweza kuwa ashashika nyingine. Nchi za baridi angalau siku zikiwa fupi paka wanapumzika hawashiki mimba, mwanga wa jua ndo unawaamsha. Sisi tuko digrii mbili tu chini ya ikweta, mchana wetu ni mrefu mwaka mzima, kwa hivo hakuna msimu wa kupumzika, vitoto vinazaliwa Januari mpaka Disemba. Na mimi ndo ninayevipokea. Navikuta mlangoni alfajiri ndani ya katoni, vengine vina kitovu bado kibichi, na kitoto cha umri ule kinataka maziwa ya paka si ya ng'ombe, kila saa mbili usiku na mchana, na kusuguliwa kwa pamba yenye maji vuguvugu ndo kikojoe kwa sababu peke yake hakiwezi. Navilea nyumbani kwangu. Wengi wanakufa mikononi mwangu, sisemi ili nionewe huruma, nasema kwa sababu kila aliyekufa vile mamake angekuwa amefungwa kizazi asingezaliwa kuja kuteseka siku tano.

Basi orodha ya pesa zinakoenda ni hiyo, haina mvuto. Glavu. Spiriti. Nyembe za kunyolea tumbo. Dawa ya usingizi. Uzi. Umeme wa friji. Jiki ya kupigia deki, nyingi mno, manake ule ugonjwa wa kuhara na kutapika wa vitoto, ule wa aina ya parvo, kirusi chake kinakaa sakafuni miezi na miezi na sabuni ya kawaida haikigusi. Na barafu! Chanjo lazima ikae kati ya digrii 2 na 8 tangu inapotoka kiwandani mpaka inapoingia kwenye sindano, kwetu inapakiwa Mombasa ndani ya boksi la barafu, inapanda basi, inapita Malindi na Garsen na Witu mpaka Mokowe, jeti ya upande wa bara, kisha boti, kisha mkokoteni au punda, na basi likichelewa njiani mimi niko Mokowe nimekaa jetini na boksi lingine la barafu nasubiri kuhamishia. Siku moja basi liliharibika usiku kucha porini, boksi lilipofunguliwa kipimajoto kilisema 19, daktari akazimwaga zote. Hakuna aliyetuma picha ya hiyo ndoo ya taka lakini hiyo nayo ilikuwa pesa ya mchango, na kwenye daftari niliiandika hivo hivo, zimeharibika, zimetupwa.

Na huku kukata masikio. Kuna watu wametusema kwamba tunawatesa paka tunawakata masikio. Ni kweli tunakata, ncha tu ya sikio la kushoto, na tunakata akiwa bado amelala dawa ya usingizi wa operesheni, hasikii. Ni alama inayotumika nchi nyingi, mtu akimuona paka kwa mbali juu ya ukuta anajua huyu keshafungwa kizazi, asikamatwe tena akapasuliwa tumbo bure kutafuta kizazi kisichokuwepo. Ukipita soko la samaki alfajiri angalia masikio, utawaona wenye alama na wasio na alama. Mi huwahesabu nikienda kazini.

Kuna jambo baya pia lilitokea na lazima niliseme manake nadhani ndo lililomtia shaka mwandishi wa ile barua. Ile picha ya paka wa ndoana kuna mtu aliichukua akaituma kwa magrupu mengine akaweka namba yake, na watu wakampa. Sisi tulijua mwezi mzima baadae, mama mmoja wa Malindi alipokuja akauliza kama paka "alifika India salama kwa matibabu." India! Nilisikia aibu kama nimeiba mimi. Basi tangu hapo tulibadilisha. Namba ya mchango ni moja tu na imeandikwa kwa rangi ukutani nje ya kliniki, jina linalotokea ukituma ni la kliniki si la mtu. Risiti zote nazibandika ubaoni kila Ijumaa, za juma lile, yeyote anasoma, hata watoto wa madrasa wakitoka wanazisoma kwa sauti. Na pesa za paka mmoja zikizidi tunamuuliza aliyetuma, je tuzipeleke kwenye kufunga kizazi au tukurudishie? Zile za ndoana wengi walisema endeleeni, mmoja akataka zake akarudishiwa siku ileile na hakuna aliyemnunia. Kwa hivo ewe msomaji ukiona picha ya mnyama na namba ya mtu binafsi, uliza kliniki gani, daktari gani, mgonjwa kalazwa wapi, piga simu kabla hujatuma. Mwenye kazi ya kweli hatachukia kuulizwa.

Nimerudi kwa watoto na karo, sikusahau.

Kwanza sisi hatuombi zaka. Zaka ina watu wake aina nane, wametajwa ndani ya Qurani, na mtu akija na bahasha akisema hii ni zaka daktari wetu humrudishia, humwambia kampe jirani yako mwenye njaa. Tunachoomba ni sadaka, kilichobaki, na wengi wanatoa sarafu. Tuna makopo matatu ya maziwa ya unga kwa maduka ya hapa mtaani, binti mmoja wa darasa la sita ndo aliyeyachora paka na kuandika Kutoa ni moyo, na tukiyafungua ndani ni shilingi kumi kumi na tano tano. Ijumaa baada ya alasiri tunauza bajia na viazi vya karai mbele ya kliniki, unga natoa mimi, viazi anatoa mwenye duka, na mafuta ni ya zamu. Sidhani kuna mtoto aliyekosa karo kwa sababu ya shilingi kumi iliyoingia kwenye kopo lile.

Pili, hapa Lamu punda wana hospitali yao tangu 1987, wanatibiwa bure, na sisi tuliokua tukiiona hatujawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini punda atibiwe na kuna watoto. Kwa sababu punda anabeba mawe ya nyumba na kila mtu anaona faida yake kwa macho. Paka naye anafanya kazi usiku hakuna anayemuona. Uliza mwenye ghala la unga. Uliza wenye nyumba za mawe zenye dari za boriti, panya wakiingia mle huwatoi.

Tatu, na hili ndo zito, kichaa cha mbwa. Mbwa ndiye anayewaambukiza watu wengi zaidi lakini paka naye hupata na huambukiza, na dalili zikishatokea kwa mtu karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Ni wao wanaocheza na paka, ni wao wanaotuletea. Serikali yetu ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, na miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole vya mkono. Kila paka anayelala mezani kwetu kwa operesheni haondoki bila hiyo chanjo. Kwa hivo ile barafu ninayoisubiri Mokowe ni ya watoto pia. (Na mtoto akiumwa au kuparuzwa, kwanza kidonda maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, zihesabu kwa saa, alafu mbio hospitali siku hiyohiyo, sio kusubiri mnyama afe.)

Halafu yako mengine ambayo siwezi kuyatia kwenye risiti. Kuna kijana wa miaka kama 12, baba yake alipotea baharini, alikuwa hasemi na mtu, anakuja na kitoto chake cha paka cha mguu uliovunjika anakaa tu. Sasa ndo anayenishikia kikapu kwenye mizani. Anasoma mshale kwa sauti, kilo mbili na robo, na mimi naandika. Juzi alinisahihisha hesabu ya kikapu, nilikuwa nimesahau kuitoa leso.

Nimeandika kirefu na nashukuru ukinichapisha hata nusu. Juma lijalo tunaanza upande wa Mkomani, jike na madume, jike kwanza. Anayemleta paka wake asimpe chakula kuanzia saa nne za usiku, maji anaweza kunywa, na kikapu kiwe na mfuniko au leso ya kufunga vizuri manake wakisikia harufu ya spiriti wanaruka. Wenye vitoto wadogo sana waje nao na mama yao, wasitenganishwe. Na yule msomaji aliyeandika ile barua namkaribisha, aje Ijumaa asome ubao, kama kuna risiti haielewi aniite nitoke nimweleze, nipo mpaka magharibi.

Msaidizi wa kliniki,
Langoni, Lamu